Mwalimu Theopista Kwenye Dawati la Mtihani

Mwalimu Theopista Lyamba alikuwa na miaka kumi na miwili ya kufundisha hisabati, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuingia darasani bila kujua anakwenda kusema nini. Hiyo ndiyo sifa aliyokuwa nayo mjini Mpanda. Wazazi wenye watoto katika shule yake, shule ya sekondari ya kutwa iliyokuwa ng'ambo ya reli, walisema mama yule hata ukimwamsha usingizini atakuonyesha njia ya kulipata jibu. Mwenyewe alizaliwa Mamba, huko Mpimbwe, katika nyumba ya wakulima wa mpunga waliosali sana na kusema kidogo, na hata alipofika miaka thelathini na minane alikuwa bado hajazoea kusifiwa.

Mwezi wa pili mwaka 1997 mkuu wa shule, Mzee Yotham, alimwita ofisini.

"Hezron ameondoka," akasema.

Hezron alikuwa kijana aliyetoka chuo cha ufundi, na ndiye aliyeanzisha pale shuleni somo la michoro ya ufundi, ambalo wanafunzi wenyewe waliliita droingi. Alilifundisha mwaka mmoja tu. Sasa kampuni ya kutengeneza barabara ilikuwa imemchukua, na barua yake ya kuacha kazi ilikuwa pale mezani, fupi kama telegramu.

"Basi somo si litafutwa, Mkuu?"

"Lingefutwa. Ila majina ya wanafunzi sita yameshakwenda baraza la mitihani, na majina yakishakwenda hayarudi. Mwezi wa kumi na moja watafanyishwa mtihani, wawe wamefundishwa au hawajafundishwa. Nimeandika mkoani Sumbawanga kuomba mwalimu, wamenijibu nisubiri." Mzee Yotham akavua miwani. "Nimefikiri, nikakuona wewe. Mwalimu wa hisabati anajua jometri. Na jometri na droingi ni mtu na mdogo wake."

Theopista angeweza kukataa, maana vipindi alivyokuwa navyo vilikuwa vimemfika shingoni. Lakini alikumbuka siku moja alipopita nje ya darasa la Hezron akaona ubaoni mchoro wa kitu asichokijua. Kilikuwa na mistari mizima, na katikati yake mistari ya vipande vipande, kana kwamba mchoraji alisita. Alikwenda zake, lakini mistari ile ilimkaa kichwani siku mbili. Kwa nini mtu achore mstari nusunusu?

"Kitabu kipo?" akauliza.

Kitabu kilikuwepo, kimoja, kimefungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Ilikuwepo pia rula ndefu yenye umbo la herufi T, bikari mbili, na mbao sita za kuchorea ambazo seremala wa shule alizitengeneza kwa mninga, nzito kiasi kwamba msichana mmoja hawezi kubeba mbili. Karatasi hazikuwepo. Hizo alizipata kwa mumewe, Anicet, aliyekuwa karani wa mizigo pale stesheni. Kulikuwa na fomu kubwa za zamani ambazo shirika la reli lilikuwa halizitumii tena, upande mmoja mweupe kabisa, na bosi wake alimruhusu kuzichukua kabla mchwa hawajazichukua.

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Kugawa pembe katikati, kuchora umbo la pande tano ndani ya duara, kupitisha mstari uguse duara bila kulikata. Hayo yote yalikuwa ndugu wa mambo aliyoyajua. Aliwafundisha wanafunzi wale sita jinsi ya kuichongoa penseli mpaka ikawa kama mwiba, na yeye mwenyewe aligundua kwamba anapenda kuchora. Alipenda jinsi mkono unavyotulia wenyewe, na jinsi mistari miwili inavyokutana pale pale ulipotaka ikutane.

Tatizo lilianza walipofika kwenye mionekano mitatu. Kitabu kilionyesha kipande cha chuma chenye ngazi, tundu na mteremko, kisha kikataka kichorwe mara tatu: kinavyoonekana kwa mbele, kwa ubavuni na kwa juu. Na kile kisichoonekana, kwa kuwa kimejificha nyuma au ndani, kichorwe vilevile, ila kwa mstari wa vipande vipande. Kumbe ndiyo ile mistari. Theopista alifurahi kuijua maana yake, lakini furaha haikudumu. Akili yake ilikuwa ya namba, na namba ukizishika hazigeuki. Kile kipande cha chuma kila alipojaribu kukigeuza kichwani kilimponyoka, tundu likahamia upande ambao halikuwepo.

Jumamosi moja alikuwa uani anafua. Akaitazama sabuni ya mche iliyokuwa mkononi, akaingia jikoni kuleta kisu. Anicet aliporudi kutoka kazini alimkuta mkewe amekaa kwenye kigoda, nguo zimeloa zimesahaulika, na mbele yake sabuni iliyochongwa ngazi na kutobolewa tundu kwa msumari.

"Mama Angela, sabuni imekosa nini?"

"Chuchumaa hapo ng'ambo. Unaona nini?"

"Naona sabuni."

"Ngazi unaona ngapi?"

Anicet akachuchumaa na sare yake ya kazi, akafumba jicho moja. "Mbili."

"Mimi huku naona moja. Na tundu?"

"Tundu silioni kabisa."

"Lakini lipo."

"Lipo, si umelitoboa wewe."

"Basi huko kwako ndiko litakakochorwa kwa vipande vipande," Theopista akasema, na akawa anatabasamu peke yake. Tangu siku ile nguo za nyumba hiyo zilifuliwa kwa vipande vyenye ngazi, mifereji na matundu, na Anicet alizoea kuuliza kipi kimeshachorwa na kipi bado, asije akayeyusha kazi ya mtu.

Alikwenda na sabuni zake darasani, na wanafunzi wakazipenda. Kwa wiki tatu walichora mionekano. Wiki ya nne, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono.

Alikuwa Esteria Nyanda, binti mrefu wa miaka kumi na tisa ambaye hakuwa msemaji. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohama kutoka Shinyanga na ng'ombe wao, mbuga kwa mbuga, mpaka wakatua Sibwesa. Hapo mjini aliishi kwa shangazi yake.

"Madam, naomba kuuliza. Sisi ubavu wa kushoto tunauchora upande wa kushoto. Lakini kwenye majibu ya nyuma ya kitabu wameuweka kulia."

"Wapi?"

"Sio swali moja, Madam. Maswali yote."

Ulimi wa Theopista ulikuwa tayari kusema kwamba kitabu kimekosea. Akauzuia. "Nitaangalia," akasema.

Aliangalia jioni nzima. Esteria alikuwa amesema kweli: katika kila jibu, kilichoonekana kutoka kushoto kilichorwa kulia, na kilichoonekana kutoka juu kilichorwa chini. Akatafuta maelezo, na alipofika mahali yalipopaswa kuwa akakuta uzi wa magunia umeshona hewa. Kurasa nne hazikuwepo. Alikuwa amezipita bila kuhesabu, akajaza pengo kwa akili ya kawaida: cha kushoto si kiwe kushoto?

Kesho yake alisimama mbele ya darasa akiwa, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, hajui atasema nini. 

"Nimeangalia," akasema. "Kitabu kiko sahihi. Mimi nimekosea. Lakini kwa nini kiko sahihi, sijui. Kuna aliyeelewa?"

 Wanafunzi hawakujua wamtazame mwalimu au watazame madawati. Mwishowe Esteria akasimama.

"Nadhani ni kama kivuli, Madam."

"Njoo ueleze."

Esteria akachukua kipande cha sabuni, akaenda nacho dirishani, jua la asubuhi lilipokuwa linaingia. Akakishika karibu na ukuta. "Jua linatoka kushoto. Kivuli kinaangukia kulia. Sasa macho yangu ndiyo jua. Nikisimama kushoto nikaangalia, ninachokiona kinakwenda kugonga ukuta wa kulia, na hukohuko kilikogonga ndiko wanakichora. Nikiangalia kutoka juu, kinagonga chini. Ndiyo maana mwonekano wa juu wanauweka chini."

Theopista akatazama kile kivuli cha sabuni ukutani, ngazi zake mbili zimekaa wazi kabisa. Akavuta dawati tupu akakaa, si kwa uchovu. Alitaka kukitazama akiwa amekaa.

"Nani amekufundisha hivi?"

"Hakuna, Madam. Nyumbani ng'ombe wakirudi jioni, vivuli vyao vinapita kwenye ukuta wa ghala. Nilikuwa napenda kuviangalia. Unaweza kumjua ng'ombe kwa kivuli tu."

Hapo kijana wa dawati la nyuma, Aloyce, mtoto wa mkulima wa Litapunga, akauliza lile ambalo wengine walikuwa wanalimeza. "Sasa Madam, wiki tatu zote tumechora kinyume?"

"Tumechora kinyume."

"Na mengine tuliyojifunza, tutajuaje kama sio kinyume?"

Aliuliza kwa adabu, lakini ni swali lililomfuata Theopista mpaka nyumbani, likakaa naye mezani, likamnyima ladha ya ugali. Alilifikiria kama anavyofikiria hesabu ngumu, kwa kulizunguka. Wale watoto walikuwa wanatembea nyuma ya mtu ambaye naye hakuijua njia. Kuwaambia wamwamini kungekuwa uongo. Na chini ya hilo kulikuwa na jambo lingine, ambalo alilitambua polepole kwa kuwa alilionea haya: alitaka kujua. Alitaka kujua kama yeye, mtu wa namba, anaweza kweli kulipata hili jambo, na ni mtihani tu ambao ungemwambia bila kumwonea aibu.

Asubuhi alikwenda kwa Mzee Yotham.

"Mkuu, dirisha la watahiniwa wa kujitegemea limefungwa?"

"Wiki ijayo. Una ndugu anataka kurudia?"

"Ni mimi. Nataka kufanya droingi."

Mzee Yotham akaweka kalamu chini. "Mwalimu afanye mtihani wa wanafunzi wake?"

"Watakuwa chumba chao na mimi chumba changu. Swali litakuwa lilelile."

"Na ukifeli, mwalimu? Mji huu ni mdogo."

"Nikifeli tutajua, Mkuu. Sasa hivi hatujui."

Anicet naye, alipoambiwa, alichokoa meno kwanza kwa kijiti. "Watu watasema mwalimu amerudi shule."

"Watakuwa wamekosea wapi?"

 Kesho yake Anicet akaleta bunda jingine la fomu.

Darasa lilibadilika baada ya hapo. Kila Ijumaa mchana wote saba walichora swali moja, Theopista akiwa ameketi kati yao na ubao wake wa mninga magotini, kisha wakabadilishana karatasi wakasahihishana. Mara ya kwanza kazi yake iliangukia mikononi mwa Aloyce. Kijana yule aliishika kalamu nyekundu kama anayeshika nyoka. Mwishowe aliandika kumi na moja kwa ishirini, na chini yake, kwa herufi ndogo: "Mistari minene. Penseli haijachongwa." Theopista alisoma, akacheka mpaka akafuta machozi, akaichonga penseli. Wiki zilizofuata walikuwa hawamwogopi tena, wala hawakumdharau. Walimbishia kwa hoja, naye akabisha kwa hoja, na mara nyingi waliishia wote saba wamezunguka kipande cha sabuni wanakigeuza.

Kiangazi kilipofika, vumbi jekundu limeshika hadi vitabu, walikutana na sura ya kukunjua. Ukiwa na kitu cha bati, tuseme bomba, ukalikata ubavuni na kulikunjua mpaka likawa bapa, litakuwa na umbo gani? Bomba lenyewe lilikuwa limekatwa mshazari, kama unavyokata muwa kwa panga. Jibu la kitabu lilikuwa karatasi yenye ukingo wa mawimbi, unapanda taratibu na kushuka taratibu.

Hili Theopista alilikataa. Mkato ni mnyoofu, panga limepita moja kwa moja. Wimbi linatoka wapi?

Akamwendea Cyriaque. Huyu alikuwa fundi bati mwenye kibanda nyuma ya soko, Mrundi aliyefika makazi ya wakimbizi ya Katumba akiwa kijana mwaka wa sabini na mbili, akajifunza kazi kwa mjomba wake. Alitengeneza ndoo, koroboi, madebe ya kumwagilia bustani na mifereji ya mvua. Shule hakuenda. Theopista alimkuta anagonga ukingo wa karai, akasubiri nyundo inyamaze.

"Habari za kazi, fundi."

"Nzuri, mwalimu. Karibu. Ndoo imevuja?"

"Ndoo ni nzima. Nina swali. Bomba la mfereji linapopinda kona, unalikataje?"

Cyriaque akamwangalia kuona kama anataniwa. Kisha akainua mkono kwenye paa la kibanda, akachomoa mrundo wa karatasi za mifuko ya saruji zilizokatwa maumbo mbalimbali. Akatoa moja akaiweka juu ya meza. Ukingo wake ulikuwa wimbi.

Theopista aliigusa kwa kidole, toka mwanzo mpaka mwisho. "Hii umeipata wapi?"

"Nimeitengeneza. Nyie mnadhani sisi tunakata kwa kubahatisha?"

"Umeitengenezaje?"

"Kwa maji."

Akamwonyesha. Alichukua kipande kipya cha karatasi ya saruji, akakizungushia kipande cha bomba mpaka ncha zikakutana, akafunga uzi. Kisha akaliinamisha bomba na kulichovya kwenye beseni la maji mshazari, kiasi cha kona aliyoitaka, akalitoa. Pale maji yalipoishia palibaki mpaka, karatasi imekoza rangi chini na kubaki hafifu juu. Ukilitazama bomba, mpaka ulikuwa mnyoofu kama ubao. Akafungua uzi, akaikunjua karatasi, akaitandaza mezani.

Ni wimbi.

"Rudia," Theopista akasema.

Cyriaque akarudia. Mara ya tatu Theopista alifanya mwenyewe, mikono imelowa mpaka kwenye kiwiko, na alipoikunjua karatasi alitoa pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Alikuwa ameliona wimbi likizaliwa. Wateja wawili walikuwa wamesimama kusubiri na hakuna aliyewaona.

Baada ya kutulia alitoa bikari. "Sasa na mimi nikuonyeshe njia ya kitabu. Uniambie kama ni ya uongo."

Akachora duara la ukubwa wa lile bomba, akaligawa mara kumi na mbili, akapandisha mistari kumi na mbili mpaka kwenye mkato, akahamisha kila urefu kwenye karatasi bapa, akaunganisha ncha kwa mkono. Cyriaque alisimama nyuma yake muda wote, nyundo mkononi. Alipomaliza, fundi akaiweka karatasi ya bikari juu ya karatasi ya maji, akaziinua zote mbili kwenye mwanga.

"Zimetofautiana," akasema.

Kweli, wimbi la maji lilikuwa juu kidogo kuliko la bikari, unene wa ukucha hivi.

"Nani amekosea?" Theopista akauliza, na alitaka kweli kujua.

Cyriaque akafikiri. "Maji. Karatasi inakunywa. Maji yanapanda kidogo kupita pale ulipochovya. Ndiyo maana kona zangu siku zote naziziba kwa risasi nyingi ya kulehemu." Akaikunja karatasi ya bikari, akaitia mfukoni bila kuomba. "Na lile bomba kubwa la kwenye ghala la tumbaku, nilikataa ile kazi kwa sababu sina beseni la kulitosha. Kumbe beseni halihitajiki."

Jumamosi iliyofuata Theopista aliwaleta wanafunzi wote sita, na kibanda kikajaa. Kuanzia hapo hadi mitihani walikuja mara nyingi, na fundi aliwauliza maswali magumu kuliko ya kitabu, kwa kuwa yake yalikuwa ya vitu vinavyovuja.

Mvua za mwaka ule zilikuja kwa fujo. Mwezi wa kumi na moja, siku ya mtihani wa droingi, bati za shule zilipigwa kiasi kwamba msimamizi alilazimika kuandika muda ubaoni badala ya kusema. Katika chumba cha watahiniwa wa kujitegemea alikuwepo mtahiniwa mmoja tu wa somo lile. Msimamizi, kijana kutoka shule nyingine, alimwamkia kwa heshima, halafu akaona haya kumwomba kitambulisho.

"Omba tu," Theopista akamwambia. "Leo mimi ni namba."

Swali la bomba halikuja. Lilikuja la kiungio cha mashine kilichokatwa katikati, ambacho alikichora akiwa na utulivu uliomshangaza mwenyewe. Likaja la mionekano mitatu, akaviweka vivuli vyote kwenye kuta zake. Kisha akafungua ukurasa akakutana na kigurudumu chenye nundu, kinachozunguka na kusukuma kijiti kiinuke na kushuka, na akatakiwa achore umbo la nundu ili kijiti kiinuke polepole na kushuka haraka. Alikuwa amelisoma mara moja, juu juu. Alilianza, akalifuta, akalianza tena. Alijisahau akawa analitazama tu, anajiuliza nundu inajuaje kushuka haraka, mpaka msimamizi akaandika ubaoni kwamba zimebaki dakika tano. Aliliacha nusu.

Nje aliwakuta wanafunzi wake wamebanana chini ya upenu. Aloyce alikuwa na majonzi, paa lilimvujia tone moja katikati ya karatasi. Esteria alikuwa amejibu yote.

"Na lile la nundu?" Theopista akamuuliza.

"Nililijibu, Madam. Sijui kama ni sawa."

"Nieleze," akasema, na mvua ikiwa inawarukia miguuni, Esteria alieleza, na Theopista hakuelewa.

Matokeo yalichelewa kwa kuwa mafuriko yalikula tuta la reli na treni haikuja kwa wiki nyingi. Yalipofika, mwezi wa tatu, yalikuja juu ya lori la mahindi. Esteria alipata A. Aloyce, pamoja na tone lake, alipata C. Wawili walipata D, na wawili walifeli. Theopista alikwenda kukaa na hao wawili kwanza, kila mmoja peke yake, kabla ya kuangalia karatasi yake mwenyewe. Alipata C.

"C sio mbaya," Mzee Yotham akasema.

"Sio mbaya," akakubali. Ilimuuma kidogo, kisha ikaacha. Alikuwa amejua.

Esteria alichaguliwa kwenda chuo cha ufundi, Mbeya. Wiki mbili baadaye baba yake, Nyanda Malale, alifika shuleni kwa baiskeli kutoka Sibwesa, mtu mrefu mwenye koti zito hata juani. Alikaa ofisini kwa walimu, fimbo katikati ya magoti.

"Mwalimu, nimeelezwa huyu binti anakwenda kuchora. Nimekaa na wenzangu tumeulizana. Kuchora ndiyo kazi gani? Nani anamlipa mtu kwa picha?"

Theopista angeweza kuzungumza juu ya madaraja na mitambo. Badala yake akamtuma Esteria alete ubao na karatasi. "Mchoree baba josho," akamwambia.

Josho la kuogeshea ng'ombe Nyanda alilijua kuliko mtu yeyote pale. Esteria alichora nusu saa: kwa juu, kwa ubavuni, kisha likiwa limekatwa katikati toka mwanzo mpaka mwisho. Baba yake akaichukua karatasi. Aliigeuza mara moja, akairudisha. Halafu kidole chake kikashuka kwenye mlango.

"Hapa ndipo ng'ombe anaingilia."

"Ndiyo, baba."

"Hapa anatumbukia. Dawa inamfika shingoni. Hapa anaanza kupanda." Kidole kikasimama. "Hapa umekosea. Huu mteremko wa kutokea ni mkali. Ng'ombe mwenye mimba atateleza arudi ndani."

 Esteria akainama juu ya mchoro. "Ulaze kiasi gani, baba?"

Nyanda akaulaza mkono wake hewani. Esteria akaupima kwa macho, akachukua kifutio, akafuta mteremko, akauchora upya mrefu zaidi. Mzee akatazama tena. "Huyo atatoka," akasema. Akaufuata mteremko kwa kidole. "Kumbe unaweza kulikosoa josho kabla hujachimba."

"Ndiyo kazi yenyewe, mzee," Theopista akamwambia.

Nyanda hakuuliza tena. Aliomba ile karatasi, akaikunja akaiweka ndani ya koti, na mwezi wa saba yeye mwenyewe alimsindikiza binti yake mpaka stendi ya mabasi.

Mwezi huohuo Sumbawanga wakaleta mwalimu wa droingi, kijana aitwaye Anselmo, mwenye cheti na sanduku lake la vifaa. Theopista alimkabidhi kitabu, bikari na mbao sita za mninga, na wenzake wakampa pole na pongezi kwa pamoja, kwa kuwa mzigo umemtoka. Wiki ya kwanza Anselmo aliingia kidato cha nne akakuta nyuma ya darasa, kwenye dawati la mwisho, mwalimu wa hisabati amekaa na daftari, penseli imechongwa.

"Karibu, Madam," akasema kwa wasiwasi. "Umekuja kukagua?"

"Hapana, mwalimu. Endelea tu. Ukifika kwenye kigurudumu chenye nundu, nina maswali matatu."

Anselmo akasema sura hiyo iko mbali, labda mwezi wa tisa. Theopista akauandika mwezi huo kwenye daftari, akajiegemeza, akasikiliza somo la kuchonga penseli.